Tunacheka Choo cha Chini ya Ngazi, Ufa Tunaupita

Kila baada ya muda picha ya nyumba inayouzwa husambaa kwenye simu zetu kwa sababu ya kituko fulani. Choo kimewekwa chini ya ngazi, na anayekitumia lazima ainamishe kichwa. Mlango wa ghorofa ya kwanza unafunguka hewani, pasipo roshani. Bafu lina dirisha linalotazama sebuleni. Watu hucheka, humlaumu fundi, huulizana mwenye nyumba alikuwa wapi siku hiyo, kisha kila mtu anaendelea na shughuli zake. Katika picha hiyohiyo, pale kona ya dirisha inapokutana na ukuta, kuna mstari mwembamba unaopanda mshazari kuelekea kwenye dari. Huo hakuna anayeuzungumzia.

Ninaandika kutoka Nakuru, mji uliojengwa juu ya majivu ya volkano, na ninadai kwamba picha za nyumba za kuuza tunazisoma vibaya. Kituko cha mpangilio hurekebishwa na fundi mmoja na mifuko michache ya saruji. Choo huhamishwa. Mlango wa hewani huzibwa kwa mawe. Lakini alama zilizoachwa na udongo na maji zinaeleza habari za ardhi iliyo chini ya nyumba, na ardhi haihamishwi. Anayenunua Nakuru anapaswa kuitazama picha akiwa na maswali ya Nakuru, na anayenunua Kisumu awe na ya Kisumu, kwa sababu nyumba mbili zilizojengwa kwa ramani moja na mafundi walewale zitaharibika kwa namna tofauti kulingana na kilicho chini yake.

Tuanze na huku kwetu. Mji wetu uko kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, kreta ya Menengai ikiwa kaskazini na Ziwa Nakuru likiwa kusini. Chini ya nyumba nyingi kuna majivu na mawe mepesi ya volkano yaliyolala tabaka juu ya tabaka, na chini yake mwamba una mipasuko mirefu inayofuata mwelekeo wa bonde lenyewe. Mvua kubwa ikija, maji huzama upesi, hupata njia kwenye mpasuko, na huanza kuyachukua yale majivu laini kidogo kidogo. Huko chini hubaki uwazi. Juu, nyasi ziko palepale na ua umefagiwa. Siku moja tabaka la juu hushindwa kubeba uzito, na ardhi inafunguka.

Machi 2018 tuliliona jambo hili kwa ukubwa wake, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilipokatika karibu na Suswa baada ya mvua nyingi. Picha za ufa ule zilizunguka dunia nzima zikidaiwa kuonyesha Afrika ikigawanyika mara mbili. Bara kweli linaachana, lakini kwa milimita chache tu kwa mwaka. Wanajiolojia wengi walitoa maelezo ya karibu zaidi: maji ya mvua yalikuwa yameyachukua majivu yaliyojaza mpasuko wa zamani, na kilichokuwa kimefunikwa kikafunuka. Picha ilikuwa ya kweli, usomaji wake ndio uliokosea. Hivyo ndivyo ninavyoona watu wakizisoma picha za nyumba za mitaa yetu ya Kiamunyi, Lanet, Naka na Pipeline, hasa tangu Desemba 2021 Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji na kila mwenye ploti akaona ana dhahabu mkononi.

Kwa nyumba ya hapa, picha ya kwanza ninayoitafuta ni ya nje, upande wa nyuma. Ninataka kujua bomba la gata linamwaga wapi. Likiishia chini ya ukuta, bila mfereji wala tanki, basi maji yote ya paa yamekuwa yakizama kando ya msingi tangu mabati yalipopigwa. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 30 kwa siku moja hukusanya lita 3,000. Kwenye udongo mwekundu wa vilima vya Kisii hilo ni kero. Kwenye majivu yetu ni kuchimba msingi kwa maji. Kisha ninaangalia ngazi za baraza. Baraza nyingi humwagwa baada ya nyumba kusimama, juu ya kifusi kisichoshindiliwa vizuri, kwa hiyo huwa za kwanza kushuka. Ukiona mwanya kati ya baraza na ukuta, au vigae vya ukingoni vimeachana kwa mstari ulionyooka, jua ardhi imeanza kusogea. Pengine imesogea hapo tu, pengine ni mwanzo. Na kama shimo la maji taka liko hatua chache kutoka ukutani, nalo pia linayapeleka maji kulekule.

Sasa ufa wenyewe. Watu huuogopa ufa wowote, au hawauogopi hata mmoja, na kote wanakosea. Nyufa nyembamba kama nywele, zilizotapakaa kwenye plasta kama ramani isiyo na mpango, kwa kawaida hutokana na plasta kukauka haraka kupita kiasi. Fundi aliweka saruji nyingi, au hakuimwagilia maji siku zile za kwanza. Hizo hupakwa rangi na maisha yakaendelea. Ufa ulionyooka wima pale chumba kipya kilipoungwa na nyumba ya zamani unaonyesha kwamba sehemu mbili hazikufungwa pamoja kwa nondo. Si jambo zuri, ila linaeleweka na lina tiba.

Unaonisumbua mimi ni ule unaoanzia kona ya dirisha au mlango na kupanda mshazari. Ukuta ukiwa haujapigwa plasta, ufa huo hufuata viungo vya mawe kwa umbo la ngazi, jiwe hadi jiwe. Maana yake ni kwamba upande mmoja wa nyumba umeshuka kuliko mwingine, na ukuta umepasuka mahali ulipo dhaifu, yaani kwenye matundu. Uangalie upana wake. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi kona ya upande wa nje ndiyo iliyozama. Angalia pia kama pande zake mbili bado ziko sawa, au mmoja umejitokeza mbele ya mwenzake. Halafu fuata mstari ule kwa macho hadi chini: je, unavuka msingi? Je, kwenye sakafu ya saruji ya nje au kwenye udongo wa ua kuna mstari mwingine unaoelekea ulekule? Ukiupata, nyumba ile iko juu ya kitu ambacho fundi wa plasta hawezi kukitengeneza.

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inafaa pale ufa ulipoanzia ukutani. Ulioanzia ardhini ukizibwa hurudi, na aliyeuziba anajua utarudi. Ndiyo maana ninaipa uzito mkubwa zaidi alama ya kuziba kuliko ufa wenyewe. Kamera ya simu huionyesha vizuri kuliko jicho: utepe wa rangi unaong'aa tofauti na ukuta mwingine, unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha, upana wake kama vidole viwili. Au ukuta mmoja tu wa sebule umepakwa rangi nzito ya mapambo, au umefunikwa kwa karatasi za ukutani, na kuta tatu zilizobaki zimeachwa na rangi yake ya zamani. Inawezekana kabisa mwenye nyumba aliipenda rangi hiyo. Ila uliza, na usikilize anavyojibu.

Milango nayo husema. Kwenye picha iliyopigwa mbele ya mlango uliofungwa, tazama uwazi kati ya ubao na fremu upande wa juu. Unapaswa kulingana kutoka kona hadi kona. Ukiwa mpana upande mmoja na kuisha upande wa pili, fremu imepinda, na fremu haipindi yenyewe. Mara nyingine utaona mlango umepigwa randa chini kwa mshazari ili upate kufunga. Mtu aliyefanya hivyo alikuwa akiishi ndani ya nyumba inayosogea, akaamua kuzoea.

Nyumba zinazouzwa kabla ya kumalizika zina faida moja ambayo wanunuzi hawaitumii: bado ziko uchi. Mawe ya kujengea, yale ya Ndundori, yanaonekana, viungo vinaonekana, na muhimu zaidi unaona kama juu ya madirisha na milango kuna bimu ya zege inayozunguka nyumba nzima, au vipande vya linta tu, yaani zege fupi juu ya kila tundu, visivyoungana. Bimu ile ndiyo inayozishika kuta pamoja ardhi ikitikisika. Eneo hili halijasahauliwa na matetemeko. Lile la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lenye kipimo cha 6.9, lilitokea mwendo mfupi tu kutoka hapa, wakati nyumba za mawe zikiwa chache. Leo vilima vilevile vimejaa nyumba za ghorofa. Muuzaji akikutumia picha za nyumba iliyokamilika, muombe za wakati wa ujenzi. Mtu aliyejenga kwa pesa zake huwa nazo kwenye simu, kwa sababu alikuwa akizipokea kutoka kwa fundi kila wiki. Asipokuwa na hata moja ya msingi, hilo ni jambo la kuulizia.

Tukishuka Kisumu, maswali yanabadilika. Upande wa vilima vya Riat kuna mwamba, na nyumba za huko husumbuliwa zaidi na mteremko. Ukielekea Nyamasaria na kuingia uwanda wa Kano hadi Ahero, unakuta udongo mweusi wa mfinyanzi. Udongo huu hunywa maji ukavimba, na jua likiwaka hunyauka na kupasuka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa huinuliwa pembezoni wakati wa masika na kushushwa Januari, mwaka baada ya mwaka. Mafundi wanaojua kazi huuchimba wote mpaka wafikie ardhi ngumu, kisha hujaza kwa mawe na murram na kushindilia. Kazi hiyo inaweza kula sehemu kubwa ya bajeti, na hakuna mgeni atakayeiona baada ya sakafu kumwagwa. Kwa hiyo ndiyo kazi ya kwanza kurukwa.

Picha iliyopigwa kiangazi hukusaidia hapa. Tazama ua, shamba la jirani, au kando ya barabara. Ukiona ardhi imekatika vipande vipande, mianya ikiwa mipana kiasi cha kuingiza mkono, huhitaji mtaalamu wa kukwambia ni udongo gani. Ua ukiwa umefunikwa wote kwa kabro, yale matofali ya zege ya kutandika chini, tazama mistari ya kabro zenyewe: zikipanda na kushuka kama mawimbi, udongo ulio chini unafanya kazi yake. Mikaratusi karibu na nyumba huongeza taabu, kwa kuwa mizizi yake huukausha udongo upande mmoja na kuuacha mwingine na unyevu, na ukuta huvutwa huku na huku. Nimeona matangazo yakiisifu ile miti kama kivuli.

Ubaya wa nyufa za udongo mweusi ni kwamba hufuata majira. Zilizofunguka Februari huweza kujifunga Mei. Mtu akiuza nyumba Juni, kuta zikiwa zimetulia na rangi ikiwa mpya, picha zake hazidanganyi kwa maana ya kwamba hazijaguswa na programu yoyote. Alichagua mwezi tu.

Nikiulizwa ni dalili gani ninayoihofia kuliko zote kwa nyumba za kandokando ya maziwa yetu, nitasema ni mstari wa maji. Ziwa Victoria lilipanda Mei 2020 hadi kiwango kilichopita hata kile cha 1964, ambacho wazee wa Dunga na Nyando walikuwa wakikihesabu kama kilele cha maisha yao. Huku kwetu, Ziwa Nakuru lilikuwa na takriban kilomita za mraba 40 mwaka 2010, na muongo mmoja baadaye lilikuwa limepita 60. Lilimeza lango kuu la hifadhi na kuingia kwenye nyumba za watu upande wa Mwariki na Barut. Naivasha, mtaa wa Kihoto ulikuwa ndani ya maji. Familia zilihama zikiwa zimebeba magodoro. Maji yanapopungua, kuta hukauka, huoshwa na kupakwa rangi. Kinachofuata ni tangazo.

Mstari wa mafuriko una tabia moja isiyofanana na unyevu mwingine: uko usawa mmoja nyumba nzima. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, kwa sababu hakuna karatasi ya kuzuia maji juu ya msingi, huacha doa lenye ukingo wa mawimbi na chumvi nyeupe inayochanua juu ya plasta. Bomba linalovuja huacha doa mahali pamoja. Lakini ukiona jikoni, sebuleni na chumbani rangi imebadilika kwa kimo kilekile, kama kwamba mtu alipiga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, maji yalisimama humo. Fanicha nazo zinajua: chini ya makabati ya jikoni mbao zimevimba na kufunguka, milango ya vyumba imeoza miguuni tu. Soketi za umeme zikiwa zimehamishwa juu, usawa wa kifua cha mtu, na chini yake kuna viraka vya mraba vilivyozibwa, mwenye nyumba amejifunza jambo na hataki kukueleza. Rangi mbili, nzito ya mafuta kuanzia chini hadi kiunoni na nyepesi juu, ni mtindo wa kawaida wa shule na zahanati, kwa hiyo siihukumu yenyewe peke yake. Nikiiona ndani ya nyumba iliyo karibu na ziwa, nitauliza majirani.

Nyumba ya namna hii humwumiza mnunuzi kwa miaka. Anaweza kukaa misimu mitatu bila tatizo. Ukuta wake hautaanguka. Ila hataweza kuiuza kwa bei aliyonunulia, na kila masika atalala akisikiliza.

Kakamega na Bungoma kuna jambo jingine ambalo picha hulificha kwa urahisi, nyumba za udongo zilizopigwa plasta ya saruji. Nyumba ya udongo iliyojengwa vizuri ni nyumba nzuri, ina ubaridi mchana na joto usiku, na sitaki mtu anisome kama ninayeidharau. Shida ni kuuzwa kwa bei ya nyumba ya mawe. Saruji na udongo havishikani kwa muda mrefu. Plasta huachana na ukuta na kudondoka kwa vipande vikubwa, hasa kwenye mvua za huko ambazo ni nyingi kuliko za Nakuru. Ukitazama picha iliyopigwa jua likiwa upande, utaona ukuta una mabonde madogo, na mahali penye nguzo huonekana mgongo mrefu wima kila baada ya hatua moja hivi. Pembe za madirisha huwa za mviringo kidogo. Ukuta wa mawe yaliyokatwa kwa mashine hauwi hivyo.

Kuhusu ukubwa wa vyumba nitasema kwa ufupi, maana hapa ulaghai ni mdogo na dawa yake ni rahisi. Lenzi pana za simu za siku hizi huvinyoosha vyumba. Usibishane nayo, hesabu vigae. Mlango wa kawaida una upana wa sentimita 80 hadi 90. Vikiingia vigae viwili chini yake, kimoja kina sentimita 40 hivi. Vikiingia vitatu, ni vya 30. Chumba cha kulala chenye vigae saba kwa vinane vya 40 ni mita 2.8 kwa 3.2. Weka humo kitanda cha futi tano kwa sita na kabati, uone kama utaweza kufungua mlango. Ploti nayo ihesabu: futi hamsini kwa mia ni futi za mraba 5,000, ilhali thumni ya ekari ni 5,445. Matangazo huzitaja kana kwamba ni kitu kimoja.

Umeme unahitaji tahadhari zaidi. Karibu kila tangazo lina picha ya bafu, na karibu kila bafu lina shawa ya umeme. Ikuze picha hiyo. Pale waya zinapoungana na shawa, ukiona weusi, plastiki iliyoyeyuka au utepe uliozungushwa mara nyingi, waya ni nyembamba kuliko mzigo unaobebeshwa, na imeshawahi kupata moto. Shawa hizo huvuta umeme mwingi kuliko karibu kifaa kingine chochote cha nyumbani. Kama fundi alibana waya bafuni, mahali penye maji na mtu asiye na viatu, sina sababu ya kuamini alikuwa mkarimu ndani ya dari.

Dari yenyewe hutunza kumbukumbu za paa. Mduara wa kahawia wenye ukingo mzito zaidi ya katikati ni maji yaliyoingia na kukauka mara nyingi. Kipande kimoja cha jipsamu cheupe kuliko vingine kimebadilishwa juzi. Swali ni kama mabati ya juu yake yalibadilishwa pia.

Yapo mambo picha haiwezi kuyasema hata ukiikuza namna gani. Tangazo la Nakuru likijivunia kisima cha nyumbani, maji yanayotoka kwenye bomba yataonekana masafi kabisa. Fluoridi, madini yaliyoyeyuka ndani ya maji hayo, haionekani. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa hukipita kikomo hicho. Matokeo yake tunayaona kwenye meno ya watoto waliokulia humu, na wakubwa huyapata mifupani. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru imefanya kazi ya miaka mingi ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa kwa sababu tatizo hili ni la kweli na ni kubwa. Mwenye kisima akupe karatasi ya maabara. Picha haionyeshi pia moshi wa jalala la Gioto upepo ukielekea mtaa wa London hapa Nakuru, wala kelele za baa ya jirani, wala kesi ya ndugu wawili kuhusu hatimiliki.

Na zipo picha ambazo hazikupigwa. Tangazo lenye picha kumi na mbili, nne zikiwa za sebule ileile kutoka pembe nne, bila hata moja ya barabara, ya nyuma ya nyumba, ya chini ya sinki, limeshakwambia jambo. Ninazitazama hizo zilizokosekana kama sehemu ya tangazo. Siku hizi lipo pia tatizo la programu za akili bandia zinazofuta ufa au doa kwa kugusa kioo mara moja, na michoro ya kompyuta inayowekwa kama picha za nyumba iliyokwisha kujengwa. Kwa hiyo ombi la maana ni simu ya video, moja kwa moja, bila kupangwa sana. Anayeshika simu afungue kila mlango na kuufunga, afungue bomba, apige kigae kwa kifundo cha kidole usikie kama kiko tupu chini, aweke gololi sakafuni uone kama inabaki. Dakika ishirini zinatosha.

Ninasisitiza hivi kwa sababu sheria yetu imemwachia mnunuzi mzigo mzito. Muuzaji akikudanganya waziwazi kuhusu jambo la hakika unaweza kumshtaki, lakini akinyamaza, kwa jumla kanuni ni kwamba mnunuzi alipaswa kujihadhari mwenyewe. Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, inamtaka kila wakala awe amesajiliwa na bodi yao, na bado simu zetu zimejaa madalali wasio na usajili ambao kazi yao ni kupeleka picha kutoka kundi moja hadi jingine. Hao hawajawahi hata kufika kwenye nyumba. Mimi naona kunyamaza huku kukomeshwe kwa maandishi. Muuzaji ajaze fomu: je, nyumba hii imewahi kuingiwa na maji, lini, na yalifika wapi? Je, ufa wowote umezibwa? Je, udongo mweusi uliondolewa? Kuna cheti cha kaunti cha kuruhusu jengo kukaliwa? Nchi nyingine zinamtaka muuzaji atangaze kasoro anazozijua, na biashara ya nyumba huko haijafa.

Najua wauzaji watasema kwamba hakuna atakayenunua nyumba iliyotangazwa na ufa wake. Sikubaliani. Mtu anayetafuta nyumba ya shilingi milioni sita atainunua ya tano iliyo na ufa unaoeleweka, ripoti ya mhandisi mkononi na bei ya kurekebisha ikijulikana. Asichokitaka ni kuugundua mwenyewe mwezi wa pili baada ya kuhamia. Watakaoumia na uwazi ni wale wenye nyumba zisizofaa kuuzwa kwa bei yoyote, na hao sioni kwa nini tuwahurumie zaidi ya familia zitakazolala humo.

Hadi sheria itakapobadilika, walio hatarini zaidi ni ndugu zetu walio mbali, Doha, London ya Uingereza au hata Mombasa, wanaonunua nyumba za nyumbani kwa kutazama simu. Wao humtuma kaka au shemeji akaangalie, na shemeji, kwa heshima, hufika, hupewa soda, huonyeshwa sebule na kurudi akisema nyumba ni nzuri. Msimtwike mzigo huo peke yake. Mlipieni mhandisi aliyesajiliwa aende naye, na pamoja nao fundi mmoja wa mtaa uleule, kwa kuwa anajua udongo wa hapo na anakumbuka maji yalifika nyumba ipi mwaka 2020. Kwa nyumba hiyo ya milioni sita, amana ya asilimia 10 ni shilingi 600,000, na ushuru wa stempu wa asilimia 4 mjini ni 240,000. Ada ya mhandisi kwa siku moja haikaribii hata ndogo ya hizo mbili, na inapaswa kulipwa kabla ya mkataba kutiwa saini, siku ambayo bado mnaweza kusema hapana.